Pua Iliyopinda

Kasiani alitaka pua iliyonyooka. Daktari Anyosisye akamtengenezea iliyopinda.

"Ndivyo ilivyokuwa," daktari alisema, akiigonga picha ya Kasiani kwa kidole.

Sista Felista alishika sinia la vifaa huku roho ikimuuma. Tunduma nzima ilimjua Kasiani. Ndiye mwenye malori aliyetaka Mwanakombo ahame kwenye kibanda chake cha vitenge, na Mwanakombo akagoma. Kibanda kikachomwa moto, binti yake Nuria akiwa ndani. Mwanakombo alimwona mchomaji usoni, lakini polisi walipompeleka mbele ya Kasiani, alikuta uso mbichi uliobabuka, hauna pua. Maji ya rejeta ya lori yalimrukia kule Mpemba, ndivyo Kasiani alivyojieleza. Mama wa watu akaogopa kumsingizia mtu, akatikisa kichwa. Kasiani akaachiwa.

Na leo huyo huyo anachunwa ngozi ya paja na kubandikwa usoni kwa upole, utadhani daktari ndiye aliyemzaa! Huu ulikuwa upasuaji wa nne. Felista alishindwa kunyamaza. Alimwambia daktari wazi kwamba watu wanasema amelambishwa asali, na yeye ameanza kuamini.  Daktari aliomba uzi mwembamba zaidi.

Kasiani naye hakuwa na shukrani. Alileta picha yake ya harusi, enzi za ujana. Daktari akaikataa, akataka ya mwezi ule ule alioungua. Kasiani aliomba kovu la kwenye nyusi lisahauliwe; likarudishwa mahali pake. Alimtukana daktari, eti mtoto wa wakulima wa Isongole anajifanya fundi wa sura za watu, akatishia kwenda kutibiwa Lusaka. Lakini mdomo ulikuwa haufungi, mate yanamchuruzika kifuani mbele ya madereva wake, na mwingine wa kuushona hakuwepo karibu. Akabaki.

Ilichukua miezi kumi na minne. Asubuhi ya kuondoa bandeji ya mwisho, Felista alimsukumia kioo bila kumtazama. Alimchukia, na alimchukia daktari zaidi.

Kasiani alijiangalia kulia, akajiangalia kushoto. Akajipapasa pua.

"Ni mimi kabisa," alikiri kwa shingo upande. "Hata mama yangu hawezi kubisha."

Daktari Anyosisye alivua glovu, akanawa mikono taratibu. Alisema kazi yake imekwisha, kisha akaufungua mlango wa uani.

Wanaume wanane walikuwa wamesimama mstari mmoja juani, wote wa kimo cha Kasiani. Pembeni yao alikuwepo koplo wa polisi mwenye daftari.

"Chagua pa kusimama, bwana," koplo alisema. "Mama Nuria anakuja kuwatazama."