Pacha Wangu Kikaoni

Siku hizi kila raia ana pacha wa mashine wa kumpangia foleni na kumwendea vikao. Mimi Lwitiko, mwenye cheti cha shule ya jioni, niliona aibu kukaa na walevi wanaoacha pombe. Nikamtuma pacha.

Leo mikono ilinitetemeka tangu alfajiri, nikaenda mwenyewe. Mwenyekiti alinizuia mlangoni.

"Mzee, wewe umeshaacha. Mwezi wa nane huu hujagusa pombe!"

"Huyo ni pacha. Mimi bado nakunywa."

"Basi kaa nyuma, baba. Anaongea."

Pacha alikuwa akisimulia nilivyoanguka kwenye harusi ya binti yetu. Alilia. Mke wangu alikuwa kando yake, amemshika mkono.

"Twende nyumbani, baba Sekela," mke wangu alisema.

Nilifungua kinywa niitike. Pacha aliniwahi.