Mlango wa Pimbi

Zamani, dhoruba ya theluji ilipoupiga mlima, Nungunungu alisimamisha miiba yake akamfukuza Pimbi na wanawe kutoka pangoni mwao.

“Kaka, hapa ni kwetu,” Pimbi alisema.

“Baridi haiulizi kwa nani,” alijibu Nungunungu.

Pimbi alitoka akiwa na hasira kali kuliko baridi yenyewe, akawakumbatia wanawe chini ya mwamba. Dhoruba ilipotulia, barafu ilikuwa imeziba mlango wa pango.

“Dada Pimbi, nihurumie,” Nungunungu alilia ndani. “Nakosa pumzi.”

Pimbi aliigonga barafu kwa jiwe mpaka ikapasuka. Nungunungu akachomoza, akaanza kushukuru.

“Usinishukuru,” Pimbi alisema. “Sikukufungulia wewe. Nimefungua mlango wangu. Toka, wanangu waingie.”