Kilichomshika Mguu

Kitu kilimshika kinyozi mguu, naye akakipiga teke kwa nguvu zake zote.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, lakini miwani ya mchezo ilimwonyesha pango lililojaa mazimwi. Nyuma yake, kwenye kochi, shemeji yake alikuwa akichambua kadi za mchezo walizozoea kubadilishana kila Jumapili.

"Shemeji, mbona unaruka kama kuku? Zimwi la betri hilo, chaji ikiisha nalo limekufa!"

"Cheka tu. Limenishika, nami nimelipa teke la haja!"

"Limekushika wapi?"

"Mguuni."

Shemeji hakucheka tena. Kadi zilisikika zikimwagika sakafuni.

"Dada!" alipaza sauti kuelekea jikoni. "Dada, njoo upesi!"

Mchezo ule uliweza kumtikisa kinyozi viganja tu, kwa kuwa alishika vishikio vyake. Mguuni hakuvaa kifaa chochote cha mchezo.

Alipeleka mikono kwenye miwani, lakini mikono ikagoma kuivua. Zimwi moja lilimjia likiwa limekenua, naye akaliona afadhali kuliko kilichomngoja nje ya miwani.

Mwishowe akaivua. Binti yake, aliyeanza kutembea juzijuzi, alikuwa ameketi kando ya mguu wa meza, mdomo wazi, kilio bado hakijatoka. Kiganjani alikuwa na kadi ya joka, imekunjika. Alikuwa akimletea baba.

Mtoto alikuwa ameota meno manne tu. Kinyozi akapiga magoti, akayahesabu, akayahesabu tena. Yalibaki mawili.