Maji ya Kioo

Kila alfajiri Makame, dereva wa Mheshimiwa, hukagua oili, breki na upepo wa matairi, kisha hujaza maji ya kuoshea kioo. Leo dumu la mwisho la maji nyumbani kwake limepikiwa uji wa watoto.

Yeye na Mheshimiwa walipofika penye foleni ya ndoo bombani, vumbi likaziba kioo.

"Piga maji, bwana, niwaone wananchi wangu!"

Makame akabonyeza. Waipa zikakwaruza kavu.

"Maji yako wapi? Kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka, Mheshimiwa. Lakini hao nao wanauliza hivyo hivyo, mwaka wa tisa huu. Bomba lako lilitoa maji siku ya kukata utepe, basi."

Waipa ziliendelea kukwaruza. Kwenye upenyo mwembamba katika vumbi la kioo akatokea mwanamke mwenye ndoo tupu, ameinama, anachungulia ndani. Mheshimiwa naye akainama, asionekane.