Sauti Ndani ya Programu

Tangu sheria ilipoagiza kila mstari wa programu huria ubebe sauti ya mwandishi wake, Tunu, aliyeandika programu ya zahanati ya mumewe, Dakta Mbaruku, alisikika humo akiwaita wagonjwa na kuwasomea ankara zao.

"Mke wangu, nimechagua programu ya Nyamizi," Mbaruku alisema wakila. "Ya kwako inawafokea wagonjwa kama unavyonifokea mimi."

"Nyamizi ndiye nani?"

"Mtaalamu tu wa Tabora. Hata sauti yake siijui vizuri."

Wivu ulimkaba Tunu. Kwa kuwa programu ya Nyamizi ilikuwa wazi kwa yeyote, aliifungua atafute kasoro. Mstari wa kwanza ulisomwa na Nyamizi, kwa upole. Wa pili ulisomwa na Mbaruku, akicheka kicheko ambacho Tunu alikisikia mara ya mwisho kwenye fungate yao.