Bantol kwa Mchumba

Jiwe lilipiga miayo.

Crisanta aliruka nyuma, kamba ya mwani ikamponyoka mkononi. Kumbe halikuwa jiwe. Alikuwa bantol, yule samaki wa chunusi na utelezi, vinyama vinamning'inia mwili mzima kama mwani, hata ukisimama juu yake humwoni mpaka akuchome. Siku nyingine Crisanta angetema mate akaenda zake. Leo alimnasa kwa wavu, akampeleka nyumbani.

Mchana Rodelio alikuwa anakuja kula kwao.

Zamani babake Rodelio alimwokoa Teofilo, babake Crisanta, asife maji. Wazee wakaahidiana kuwaoza watoto wao. "Atakayelivunja neno hili si mwanangu tena," Teofilo alizoea kusema, na hakuwa mtu wa mzaha. Basi Crisanta hakutaka kulivunja. Alitaka mchumba mwenyewe, kijana wa mjini ambaye hata hamjui, akimbie kwa miguu yake.

Aliikata ile miiba ya sumu, lakini ngozi hakuichuna. Mchuzi ukatoka na rangi ya maji ya mtaro, na utando juu.

"Wewe mtoto una wazimu?" mamake, Basilisa, aliziba pua. "Mgeni halishwi dubwana hili!"

"Mama, mchumba hupimwa kwa chakula."

Rodelio aliingia na viatu vyake vyenye tope. Crisanta akamtengea kichwa, kimemkodolea macho, mdomo wazi. Kijana alikitazama. Koo lake likapanda, likashuka. Kisha akamtazama Crisanta, akatabasamu.

"Ah! Chakula changu hiki!"

Alichokonoa jicho kwa kidole, akalinyonya, fyooo, kokwa yake akaitemea pembeni mwa sahani ya Basilisa. Rodelio akavuta ngozi yenye utelezi, ikamning'inia kidevuni, akaifyonza polepole kama tambi. Akabeua. Akachokoa meno kwa mfupa, akaurudisha chunguni. Vidole akajifutia pazia la dirishani. Na kila alipofanya uchafu mmoja alimtupia Crisanta jicho, kama mtoto anayengoja kusifiwa.

Nguruwe gani huyu? aliwaza Crisanta. Kinyaa kilimpanda hadi kwenye ulimi. Hakuweza hata kugusa wali wake.

Lakini Teofilo alikuwa anacheka kwa furaha. "Huyu ndiye mwanamume! Hana maringo ya mjini. Amejiona yuko kwao."

"Wala hachagui," Basilisa alimnong'oneza bintiye, ingawa sahani yake alikuwa ameisukuma mbali. "Hutapata shida jikoni."

"Haya, binti," Teofilo akasema, "sema mbele yetu. Umemwonaje mwenzio?"

Rodelio aliacha kutafuna. Akabeua tena, kwa nguvu zaidi, akamkazia macho.

Crisanta aliutazama uso wa babake, ule uso usio na mzaha. Akameza mate machungu.

"Nimempenda, baba."

Rodelio akabadilika rangi, akawa kama majivu. Angalau bantol ameanza kumchafua tumbo, Crisanta alijisemea, ila hakupata faraja yoyote.

Wazee wakamtuma amsindikize mgeni hadi mtumbwini. Walitembea, Crisanta amejitenga hatua kadhaa ili asisikie harufu ya pumzi yake. Walipopita vichanja vya kuanikia mwani, nyumba haionekani tena, Rodelio alishika mti wa kichanja, akainama, akatapika kila kitu. Alipoinuka alitoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akajipangusa midomo taratibu, akakikunja tena.

"Samahani sana, dada," alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Lakini una moyo gani wewe? Nimenyonya jicho la lile jinamizi, nimelichafua pazia la mama yako, na bado hukunikataa! Mimi kwetu nina mpenzi wangu, na baba ameapa nikikukataa mimi, nisirudi kwake."