Aliyeandika Jumanne

"Soma!" Mwalimu wa nidhamu aliisukuma tabuleti hadi ukingoni mwa meza. "Soma kwa sauti, mama yako asikie."

Binti alisoma kwa kunong'ona. Yalikuwa maneno yaliyobandikwa kwenye ukurasa wa shule, chini ya jina na picha yake: mwalimu wa nidhamu huingia darasani amelewa, watoto wote wanajua.

Mwalimu hakuwahi kuonja pombe maishani. Tangu Jumanne, wazazi walikuwa wakimnusa getini badala ya kumsalimia.

Mama mtu alikuwa ameingia ofisini akiwaka moto, akitaka kujua kwa nini Jumatatu mwalimu huyu alimwita mwanawe kichwa maji mbele ya darasa zima. Sasa alikuwa ameinamisha macho kwenye viatu vyake. Aibu imemshika, mwalimu aliwaza. Na imshike!

"Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

"Hakuna, mwalimu."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Mwalimu aliivuta barua ya kumfukuza shule, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, akamsogezea kalamu atie sahihi. Binti akaishika.

"Ngoja kwanza," alisema mwalimu wa kompyuta, aliyekuwa ameitwa ofisini kuikagua akaunti ya binti kwenye ile tabuleti. "Hii iliandikwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi."

Mwalimu wa nidhamu aliganda. Jumanne saa nne alikuwa akisimamia jaribio la hisabati. Simu zote za wanafunzi alizifungia kabatini kwa mkono wake. Na binti huyu alikuwa dawati la mbele kabisa, akiomba karatasi ya ziada.

Hasira zikampanda upya. "Wewe mtoto, una wazimu? Mtu anatumia jina lako, anakutia kitanzi shingoni, na wewe unamficha? Ni nani?"

"Nipeni tu barua yangu, mwalimu."

"Hupewi!" Akamgeukia mwenzake. "Mfungie nje huyo mshenzi!"

"Dakika moja. Nabadilisha neno la siri. Kila simu iliyoingia kwenye akaunti hii itapata taarifa sasa hivi."

Akabonyeza.

Binti akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, cha nguvu, kisichoisha. Lakini mkoba wa mama yake ulikuwa umeshalia mara mbili.